Kiashirio, Kutabiri na Kunusurika

Wafasiri wa maandishi ya tiba hukutana mara kwa mara na dhana ya kitu kilichomo katika damu ambacho kiasi chake humdokezea daktari hali ya mgonjwa mahututi itakavyoelekea. Wengine hukiita dalili, wengine alama, wengine kipimo. Maneno hayo hayatoshi. Dalili ni jambo alihisilo mgonjwa au alionalo mganga, kama vile homa. Kipimo ni njia ya kupimia. Na alama ni neno pana mno.

Twapendekeza kiashirio, kutokana na kitenzi ashiria, kwa kufuata mtindo wa kizibo na kifuniko. Lakini isisemwe “kiashirio cha damu”, maana msomaji ataelewa kwamba kinachoashiriwa ni damu yenyewe. Na kiitwe kiashirio kilichomo damuni, ijapokuwa ni kirefu.

Mfano ulio wazi ni lakteti, ambayo huongezeka katika damu seli zikikosa oksijeni ya kutosha. Sepsisi ni hali ambayo mwili, katika kupambana na maambukizi, hudhuru viungo vyake wenyewe. Kwa fasili ya kimataifa ya mwaka 2016, mgonjwa wa sepsisi huhesabiwa kuwa katika shoki iwapo, baada ya kutiwa maji ya kutosha mshipani, bado ahitaji dawa za kupandisha shinikizo la damu, na lakteti yake yazidi milimoli 2 kwa lita. Zaidi ya asilimia 40 ya wagonjwa wa namna hiyo walifia hospitalini. Hata hivyo, lakteti hupanda pia ini likishindwa kuiondoa, au mgonjwa akipewa adrenalini. Ndiyo maana hupimwa tena baada ya saa chache.

Hapo ndipo kitenzi kutabiri kiletapo madhara. Kwa Mswahili, atabiriye hutangaza litakalokuwa. Fomu ya ridhaa ikisema kwamba “kipimo hiki hutabiri kifo”, jamaa za mgonjwa watadhani shauri limekwisha katwa, na huenda wakaomba wamrudishe nyumbani. Kumbe maana yake ni kwamba, miongoni mwa watu wengi wenye kiasi kama hicho, waliokufa walikuwa wengi kuliko miongoni mwa wenye kiasi kidogo. Kuhusu huyu aliyelala kitandani hakuna lililoamuliwa. Afadhali iandikwe kukadiria uwezekano wa kunusurika. Nasi twasema kunusurika, wala si kupona, kwa kuwa atokaye hai katika chumba cha wagonjwa mahututi aweza kukaa miezi mingi akiwa dhaifu.