Kisangani: likizo kubwa kati ya maporomoko na msitu wa kisiwa cha Mbiye

Shule zimefunga, na wazazi wengi wa Kisangani wanatafuta mahali pa kupeleka watoto bila kulipa tiketi ya ndege. Mahali hapo pako karibu: maporomoko mawili na kisiwa kimoja, safari ya pikipiki na pirogi tu.

Watu wengi huanzia Wagenia. Hapo mto Kongo unashuka ngazi ya mwisho kati ya saba za maporomoko ya Boyoma, yanayoanzia Ubundu, karibu kilomita 100 juu ya mto. Meli haziwezi kupita huko, ndiyo maana wakoloni walijenga reli ya kilomita 125 kati ya Kisangani na Ubundu.

Kati ya miamba, wavuvi wamesimika miti mikubwa na kuning'iniza vikapu vipana kwa kamba za mwituni. Nguvu ya maji ndiyo inayosukuma samaki ndani. Mgeni anapenda kupiga picha, lakini akumbuke kwamba yuko kazini mwa watu. Inafaa kuomba ruhusa na kupatana bei kabla ya kutoa simu.

Kaskazini mwa mji kuna maporomoko ya Tshopo, penye bwawa linaloupa mji umeme. Ni pazuri kwa kukaa na kula, lakini maji yana nguvu: watoto wasiachwe peke yao.

Anayetaka utulivu avuke kwenda Mbiye, kisiwa kilicho juu kidogo ya Wagenia. Huko kuna vijiji, njia za miguu na msitu mnene, ilhali mji uko ng'ambo tu.

Ukaribu huo ndio hatari yake. Miti inakatwa kwa makala, mbao na mashamba, na makala hayo yanaishia jikoni mwa familia zilezile zinazokuja kupumzika kivulini. Mti ukichomwa unaleta pesa mara moja. Ukiachwa umesimama, kila likizo mwenye pirogi, kijana anayeonyesha njia na mama anayepika samaki wanapata kitu. Basi mgeni asirudi mjini bila kununua chochote kwa wakaaji wa kisiwa.

Ondokeni asubuhi, vaeni jaketi za kuokoa maisha, msikubali pirogi iliyojaa kupita kiasi, na mrudi kabla jua halijazama.