Zungumzeni Kuhusu Bili Kabla ya Kuagiza

Mwisho wa mwezi ukifika, simu hazinyamazi. Kwenye group ya WhatsApp mtu anauliza, "Tunapatana wapi Jumamosi?" Mmoja anataka choma, mwingine anataka ile hoteli mpya yenye taa nzuri za kupiga picha. Saa inajadiliwa, mahali panajadiliwa, hata nguo zinajadiliwa. Jambo moja tu huachwa: kila mtu ana pesa ngapi za kutumia, na nani atalipa.

Kwa kazi yetu, tunajua kulipa kwenyewe hakuchukui hata dakika moja. Ugumu uko kwa watu. Kuna rafiki ambaye siku hizi yuko "bize" kila mnapopanga kutoka, na ukweli ni kwamba mara ya mwisho alichangia chakula ambacho hakula. Kuna yule aliyelipia meza nzima na mpaka leo anasubiri zile "nitakutumia kesho". Hakuna aliyegombana na mwenzake. Wameacha tu kuitana.

Ndiyo maana leo tunataka tuongee kuhusu kula nje, iwe ni kibandani, kwa choma ama kwenye mkahawa wa bei ya juu, na namna ya kumaliza chakula mkiwa bado marafiki.

Tajeni kiasi kabla ya kutaja mahali

Wengi wetu tunaona aibu kusema, "Mimi wiki hii nina elfu moja tu." Lakini hiyo sentensi ikisemwa Jumatano haina shida. Ikisemwa Jumamosi usiku, bili ikiwa mezani, inauma.

Anayeandaa mpango aanze yeye. Badala ya "Twende wapi?", andika, "Tupange kitu cha kama KSh 1,000 kila mtu, nauli kando." Sasa hata yule aliyebanwa anaweza kujibu bila kujieleza. Kama kikundi kina wale wanaofanya kazi na wale bado wako chuo, chagueni mahali kwa kuangalia mwenye mfuko mdogo zaidi. Jioni ya mihogo, viazi karai na madafu pale Mama Ngina Mombasa inaweza kuwa tamu kuliko chakula cha hoteli ambapo nusu ya meza inapiga hesabu kichwani.

Mkitaka mahali pa juu, bei moja ya kila mtu huwa inasaidia. Buffet ni mfano. Carnivore ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1980, imejulikana kwa mtindo huo: nyama inaendelea kuletwa mezani mpaka muishushe ile bendera ndogo. Kwa mpango kama huo unajua gharama ya chakula kabla hujaondoka nyumbani. Vinywaji ndivyo vya kuulizia, kwa sababu mara nyingi vinahesabiwa kando.

Soma menyu mpaka chini

Kwenye mikahawa mingi, yale maandishi madogo mwisho wa menyu ndiyo yenye habari muhimu. Yanakuambia kama bei zina kodi tayari au kodi itaongezwa baadaye.

Hesabu yake ni rahisi. VAT ni 16%. Mikahawa mingi pia hutoza tozo ya utalii ya 2%. Kwa hivyo kama mmeagiza chakula cha KSh 5,000 na bei hazikuwa na kodi, mtaongezewa KSh 800 za VAT na KSh 100 za tozo. Jumla inakuwa KSh 5,900. Mkahawa ukiwa na ada ya huduma, tuseme 10%, hapo kuna KSh 500 zaidi, na mnafika KSh 6,400. Hiyo ni tofauti ya KSh 1,400, na kwa mtu aliyekuja na pesa kamili, hiyo ndiyo nauli ya kurudi nyumbani.

Uliza weita mapema: "Hizi bei ziko na kodi? Kuna ada ya huduma?" Si ushamba. Ni swali la kawaida na wao wamelizoea. Tena kama ada ya huduma iko kwenye bili, bakshishi juu yake ni hiari yako. Kama haiko na umehudumiwa vizuri, mwachie weita kitu.

Kuna gharama nyingine ambazo hujificha kwenye sherehe za kuzaliwa. Mikahawa mingine hutoza ukija na keki yako mwenyewe, na mingine hutaka mlipe kitu kwanza ndipo iwashikie meza ya watu wengi. Piga simu uulize kabla ya siku yenyewe, na risiti ya hiyo pesa ya kwanza uitunze.

Kwa choma, simama karibu na mizani

Ukienda Kikopey ukiwa njia ya Nakuru, ama Kenyatta Market hapa Nairobi, mambo ya menyu ni machache. Nyama inauzwa kwa kilo, na inapimwa ikiwa mbichi. Ikishachomwa inapungua, kwa hivyo usishangae sinia likija likionekana dogo. Njia ya kuwa na uhakika ni kwenda wewe mwenyewe kuchagua nyama, kuona ikiwekwa kwa mizani, na kukubaliana bei ya jumla hapo hapo. Uliza pia kama ugali na kachumbari viko ndani ya hiyo bei.

Bili ya choma ni rahisi kugawana kwa sababu wote mnakula sinia moja. Lakini mkumbuke kuna mtu asiyekula nyama, na kuna yule aliyefika mkiwa mmebakisha mifupa.

Kugawana: sawa kwa sawa si haki kila wakati

Chukua mfano huu. Mko watu sita na bili ni KSh 9,600. Mkigawa sawa, kila mtu anatoa KSh 1,600. Lakini wawili kati yenu walikunywa chai na sambusa za KSh 500 kila mmoja. Kila mmoja wao amelipa KSh 1,100 za chakula cha wenzake. Wale wanne walipaswa kutoa KSh 2,150 kila mmoja.

Hao wawili hawatasema kitu. Watacheka, watalipa, na mwezi ujao hawatakuja.

Kuna njia tatu, na yoyote ni sawa mradi mmekubaliana mapema:

1. Sawa kwa sawa. Inafaa mkila vitu vinavyokaribiana bei.

2. Kila mtu chake. Mwambie weita mkiwa mnaagiza, si mkimaliza. Ni rahisi kwake kuandika bili sita mwanzoni kuliko kuipasua moja mwishoni.

3. Zamu. Leo wewe, siku nyingine mimi. Hii ni ya marafiki wawili au watatu wanaoonana mara kwa mara. Kwa watu kumi, zamu ya wengine huwa haifiki.

Sasa, jambo ambalo wengi hawalifikirii ni ada. Watu watano wakimtumia mmoja pesa ndipo yeye alipe, kila anayetuma anaweza kukatwa ada ya kutuma. Lakini kila mtu akilipa fungu lake moja kwa moja kwa nambari ya till ya mkahawa, kwa kawaida mteja hakatwi chochote. Ada ya till iko kwa mwenye biashara. Mwulize weita kama wanakubali malipo zaidi ya moja kwa bili moja. Sehemu nyingi wanakubali, mradi jumla itimie.

Ikibidi mmoja alipe yote, wengine wamrudishie kabla hamjainuka mezani. Mkiwa bado mmeshika simu, ni jambo la sekunde chache. Mkishaachana stejini, hiyo pesa imegeuka deni, na deni la chakula ni gumu kudai kuliko mkopo wa kawaida. Nani anataka kumkumbusha rafiki yake pesa ya chipsi?

Na usikope ili uonekane. Ile huduma ya kulipa hata salio likiwa limeisha ni nzuri kwa dharura, lakini pesa ya kwanza kuingia kwa simu yako ndiyo itakayokatwa. Kama hiyo pesa ilikuwa ya kodi ya nyumba, chakula cha Jumamosi kimekuwa ghali sana.

Ukiwatoa wazazi

Umepata kazi na unataka kumpeleka mama mahali pazuri. Mnafika, anapewa menyu, na anaanza kusoma upande wa bei. Kisha anasema, "Mimi niletee chai tu, sina njaa." Njaa anayo, ila hawezi kuagiza kuku akiona bei ambayo ingenunua jogoo mzima kijijini.

Usimlazimishe mbele ya weita. Tafuta menyu mapema kwenye simu, mwulize nyumbani, "Mama, utapenda samaki ama kuku?", na mkifika uagize wewe. Mahali pa bei moja kwa kila mtu panasaidia hapa pia, kwa sababu hakuna cha kujinyima.

Kuhusu kulipa, wengi mnajua ule mvutano: wewe umetoa simu, mzee naye ametoa noti, na mjomba anasema mtamkosea heshima. Maliza mapema. Jisingizie unaenda kunawa mikono, pitia kaunta, omba jumla na nambari ya till, lipa. Bili isipofika mezani kabisa, hakuna wa kuipigania. Lakini mzee akiwa ndiye aliyewaalika, mwachie alipe. Heshima yake pia ni sehemu ya chakula.

Kabla ya kuweka PIN

Hapa ndipo kazi yetu ilipo, kwa hivyo tutasema wazi.

Soma jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuthibitisha. Kibandiko cha till kinaweza kubandikwa juu ya kingine. Jina likiwa halifanani na la mkahawa, simama uulize. Biashara nyingine huwa na jina tofauti kwenye till, na meneja anaweza kukueleza.

Lipa kwa till au Paybill ya mkahawa, si kwa nambari binafsi ya weita. Pesa ikienda kwake, mkahawa unaweza kudai hujalipa, na utakuwa huna cha kuonyesha.

Usimpe mtu simu yako akulipie, na PIN usimtajie yeyote, hata kama mtandao unasumbua na foleni ni ndefu. Ujumbe ukichelewa, angalia salio kwanza kabla ya kulipa mara ya pili. Na usiondoke mpaka weita athibitishe pesa imeingia kwao. Ukikosea nambari, pigia huduma kwa wateja papo hapo ukiwa na ule ujumbe wa muamala. Kadiri unavyochelewa, ndivyo inavyokuwa vigumu kuirudisha.

Beba pia noti kidogo. Siku mtandao ukilala, noti ya elfu moja ni rafiki.

Tangu pesa za simu zianze Kenya mwaka 2007, kulipa kumekuwa rahisi mwaka baada ya mwaka. Kuambiana ukweli kuhusu pesa bado ni kazi yetu sisi wenyewe. Kwa hivyo mkipanga wikendi hii, yule wa kwanza kuandika kwenye group atangulize kiasi. Kuna mtu humo anasubiri kusikia hilo ndipo aseme, "Nakuja."