Uchenjuaji wa Dhahabu na Fedha bila Sayanidi: Vigezo vya Kuchagua Njia Mbadala kwa Marudio ya Chunya na Iringa

Ikisiri

Makala haya yanafafanua njia za kikemikali za kuchenjua dhahabu na madini ya fedha bila kutumia sayanidi, na kuzipima kwa kuzingatia mazingira ya wachenjuaji wadogo wa Chunya mkoani Mbeya na wa Wilaya ya Iringa. Njia nne zinajadiliwa: thiosulfati, thiourea, kloridi na glisini. Hoja kuu ni kwamba usumu wa kemikali peke yake hautoshi kuwa kigezo cha uchaguzi. Vigezo vingine vitatu vina uzito uleule: uwezo wa kuyeyusha madini yote mawili, namna ya kuyarejesha kutoka katika mmumunyo, na hatima ya zebaki ambayo tayari imo katika marudio. Inapendekezwa kwamba kila jaribio la njia mbadala lipime zebaki inayoyeyuka sambamba na dhahabu inayopatikana.

1.0 Utangulizi

Dhahabu iligunduliwa katika eneo la mto Lupa mwaka 1922, na katika miaka ya 1930 Chunya ikawa miongoni mwa maeneo mashuhuri ya uchimbaji nchini Tanganyika. Mgodi wa New Saza ulifungwa mwaka 1956, lakini uchimbaji mdogo haukukoma. Mgodi mkubwa wa New Luika, ulioanza kuzalisha mwaka 2012, leo umo katika Mkoa wa Songwe uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Mkoani Iringa, machimbo ya Nyakavangala yameingiza Wilaya ya Iringa katika shughuli hiyohiyo.

Mnyororo wa uchenjuaji mdogo katika maeneo hayo unafahamika. Mawe husagwa kwenye karasha, unga wake huoshwa kwenye mialo, na dhahabu inayobaki juu ya mwalo hukamatwa kwa zebaki. Zebaki hukamata dhahabu iliyo huru na yenye chembe kubwa kiasi. Chembe ndogo na zile zilizofungwa ndani ya madini mengine hupita. Mara nyingi dhahabu inayopatikana kwa njia hiyo haifiki nusu ya iliyokuwamo katika mawe. Iliyobaki imo katika mchanga uitwao marudio, na kwa desturi ya maeneo mengi mchanga huo hubaki kwa mwenye karasha, si kwa mchimbaji. Ndipo hufuata hatua ya pili: marudio hulowekwa katika matangi yenye mmumunyo wa sayanidi, dhahabu hunaswa na kaboni, na kaboni hiyo hupelekwa katika mitambo ya kuivua dhahabu.

Swali la kuiacha sayanidi linahusu hatua hii ya pili. Mijadala mingi hulichukulia kuwa swali la kutafuta kemikali yenye sumu ndogo zaidi. Makala haya yanaonesha kwamba swali hilo ni pana zaidi.

2.0 Sayanidi na tatizo la marudio yenye zebaki

Dhahabu haiyeyuki kwa urahisi kwa sababu ayoni zake haziwezi kudumu zenyewe katika maji. Ili iyeyuke, mambo mawili lazima yawepo kwa pamoja: kioksidishi cha kuiondolea elektroni, na kiambata cha kuishikilia ayoni inayotokea. Katika njia iliyobuniwa nchini Uskoti mwaka 1887 kwa kazi ya John Stewart MacArthur na ndugu wawili wa ukoo wa Forrest, kioksidishi ni oksijeni ya hewani na kiambata ni sayanidi. Njia hiyo hufanya kazi katika hali ya alkali, kwa kawaida pH ya 10 hadi 11, ambayo hudumishwa kwa chokaa. pH ikishuka kuelekea 9, sehemu kubwa ya sayanidi hugeuka kuwa gesi ya hidrojeni sayanidi, ambayo huua.

Nguvu ya njia hii ni kwamba hutumia kemikali kidogo, huyeyusha fedha pamoja na dhahabu, na ayoni changamano zake hunaswa vizuri na kaboni. Udhaifu wake unaonekana kunapokuwa na shaba. Mishipa ya kwazi ya Lupa huambatana na madini ya salfidi kama vile piriti na kalkopiriti, na baadhi ya madini ya shaba hula sayanidi kabla dhahabu haijaipata. Mchenjuaji hulazimika kuongeza kemikali, na gharama pamoja na hatari hupanda.

Udhaifu mkubwa zaidi unahusu zebaki. Sayanidi huyeyusha pia zebaki iliyobaki katika marudio. Zebaki iliyokuwa chembe nzito chini ya mchanga hugeuka kuwa kitu kinachosafiri na maji. Sehemu yake hunaswa na kaboni pamoja na dhahabu, kisha hugeuka mvuke wakati wa kuvua na kuyeyusha dhahabu, na kumfikia mfanyakazi. Kwa sababu hiyo Mkataba wa Minamata, ulioanza kutumika mwaka 2017 na kuridhiwa na Tanzania mwaka 2020, unataja uchenjuaji kwa sayanidi wa marudio yenye zebaki ambayo haijaondolewa kwanza kuwa miongoni mwa vitendo vinavyopaswa kukomeshwa. Jambo hili lina uzito wa pekee Chunya, kwa kuwa maji ya Lupa huelekea ziwa Rukwa, ziwa lisilo na mto wa kuyatoa kwenda baharini. Kinachoingia humo hakina njia ya kutoka.

3.0 Njia mbadala

3.1 Thiosulfati

Thiosulfati ilitumika kuchenjua fedha tangu karne ya 19, na mafundi wa picha za filamu waliijua kama chumvi ya kusafishia chumvi za fedha zisizopigwa na mwanga. Kwa dhahabu, mmumunyo wake huwa wa alkali, na huhitaji shaba kama kichocheo pamoja na amonia ya kuishikilia shaba hiyo. Hivyo shaba iliyo adui wa sayanidi haiwi adui wa moja kwa moja hapa, ingawa ikizidi huivunja thiosulfati yenyewe na kuongeza matumizi yake.

Njia hii imethibitishwa kibiashara: kampuni ya Barrick iliianzisha katika mgodi wa Goldstrike, Nevada, mwaka 2014, kwa ajili ya mawe yenye kaboni asilia iliyokuwa ikiinyang'anya sayanidi dhahabu yake. Sababu ya mafanikio hayo ndiyo pia kikwazo cha njia hii. Ayoni changamano ya dhahabu na thiosulfati haishikwi vizuri na kaboni. Kwa njia hiyo Goldstrike ilitumia resini. Kwa mchenjuaji wa Chunya maana yake ni kwamba mnyororo mzima wa kaboni, kuanzia matangi hadi mtambo wa kuvua, hauwezi kutumika kama ulivyo.

3.2 Thiourea

Thiourea huyeyusha dhahabu na fedha kwa kasi kuliko sayanidi. Hufanya kazi katika asidi, pH ya 1 hadi 2, kwa kutumia ayoni za chuma kama kioksidishi. Inaweza kurejeshwa kwa kaboni, jambo ambalo ni faida. Hata hivyo hutumika kwa wingi kwa sababu kioksidishi huiharibu, mawe yenye kalisi kaboneti hula asidi yake, na yenyewe hushukiwa kusababisha saratani. Kuitetea kwa hoja ya usalama peke yake ni vigumu.

3.3 Kloridi

Kabla ya sayanidi, klorini ndiyo iliyotumika kwa mawe ambayo zebaki haikuyaweza. Njia ya Plattner ya katikati ya karne ya 19 ni mfano wake. Klorini huyeyusha dhahabu haraka sana. Tatizo la kwanza ni fedha: katika mmumunyo wenye kloridi kidogo, fedha hugeuka kuwa kloridi ya fedha isiyoyeyuka, huzifunika chembe na kubaki katika mchanga. Huyeyuka tu chumvi inapokuwa nyingi sana. Tatizo la pili ni vyombo, kwa kuwa mmumunyo huu hula chuma na kuhitaji matangi maalumu. La tatu ni gesi ya klorini. Aidha, kaboni huigeuza dhahabu ya kloridi kuwa metali juu yake, kiasi kwamba kuivua kwa njia ya kawaida huwa vigumu na mara nyingi kaboni huchomwa.

3.4 Glisini

Glisini ni asidi ya amino iliyo rahisi kuliko zote, na hutumika hata katika vyakula. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Curtin, Australia, umeonesha kwamba huyeyusha dhahabu, fedha na shaba katika hali ya alkali, na dhahabu yake hunaswa na kaboni. Kwa upande wa usumu na wa vifaa, ndiyo iliyo karibu zaidi na utaratibu uliopo Chunya. Udhaifu wake ni kasi. Katika joto la kawaida dhahabu huyeyuka polepole mno, hivyo huhitaji kupashwa moto, kuongezewa kioksidishi, au kuchanganywa na kiasi kidogo cha sayanidi. Chaguo hilo la mwisho hupunguza sayanidi bila kuiondoa.

4.0 Mjadala

Kigezo cha kwanza, kuyeyusha dhahabu na fedha kwa pamoja, kinaiacha nyuma kloridi. Kigezo cha pili, urejeshaji, kinaibeba glisini na kuirudisha nyuma thiosulfati, iliyo bora kikemikali kwa mawe yenye fedha na shaba. Thiourea hupita vigezo hivi viwili lakini huanguka kwenye usalama na gharama za asidi.

Kigezo cha tatu ndicho hupuuzwa. Thiosulfati hushikamana na zebaki kwa nguvu kubwa. Sifa hiyo imeifanya ichunguzwe kama njia ya kuondoa zebaki katika udongo uliochafuliwa. Kloridi yenye kioksidishi huiyeyusha pia, na thiourea hufungamana nayo. Kwa hiyo marudio yaliyopitiwa na zebaki yakiingizwa moja kwa moja katika mmumunyo usio na sayanidi, mchenjuaji anaweza kuwa ameondoa sumu inayovunjika kwa jua na hewa na wakati huohuo kusafirisha sumu isiyovunjika kamwe. Mtambo wa namna hiyo ungeitwa safi kwa sababu tu kipimo cha sayanidi kinasoma sifuri.

Iringa inatoa nafasi tofauti. Maji mengi ya mkoa huo huelekea mto Ruaha Mkuu na bwawa la Mtera, yanakotegemewa kwa uvuvi na umeme. Pale ambapo malundo ya marudio bado ni machanga, kuzuia zebaki mwanzoni kwa kuboresha mialo na usagaji ni rahisi kuliko kuiondoa baadaye. Chunya, yenye mchanga wa miongo mingi, haina chaguo hilo. Huko kuondoa zebaki lazima kutangulie uyeyushaji wa aina yoyote.

Lipo pia suala la nani anamudu. Resini na udhibiti wa amonia huhitaji maabara na usimamizi wa kila saa, mambo yasiyowezekana katika kila tangi la kijijini. Mitambo ya pamoja ya kuvua dhahabu kutoka kwenye kaboni tayari hupokea mzigo wa wachenjuaji wengi, hivyo ndiyo mahali pa kuanzia. Lakini ikiwa njia mpya itamhitaji mwenye mtambo pekee, thamani ya marudio itazidi kumtoka mchimbaji, naye atakuwa na sababu ndogo ya kuacha zebaki inayompa fedha taslimu siku ileile.

5.0 Hitimisho

Hakuna njia moja kati ya nne zilizojadiliwa inayoweza kuwekwa mahali pa sayanidi bila kubadili hatua zinazoitangulia na zinazoifuata. Kwa marudio ya Chunya, glisini kwa kutumia kaboni, na thiosulfati kwa kutumia resini katika mitambo ya pamoja, ndizo zinazostahili majaribio ya kwanza. Thiourea na kloridi hazifai kwa wachenjuaji wadogo katika hali ya sasa. Majaribio hayo yafanywe kwa marudio halisi, si kwa mawe mapya tu, na yatoe vipimo vitatu kwa kila sampuli: dhahabu, fedha na zebaki katika mmumunyo. Njia itakayotoa dhahabu nyingi na kuacha zebaki ikisafiri na maji haipaswi kuhesabiwa kuwa mbadala.