Punda wa mfalme aliyemgomea Washington

WENGI wanamfahamu George Washington kama rais wa kwanza wa Marekani. Wachache wanajua jinsi alivyohangaishwa na punda.

Katika shamba lake la Mount Vernon, Virginia, alitaka kuzalisha nyumbu. Si wale wa Serengeti, bali wanyama wa kazi wanaozaliwa punda dume anapompanda farasi jike. Nyumbu hula kidogo kuliko farasi na huhimili kazi nzito. Hispania ilikuwa na madume bora ya punda, lakini kuyatoa nje ilikuwa marufuku bila kibali cha mfalme.

Mwaka 1785 Mfalme Carlos III alimzawadia madume mawili. Moja lilifia baharini. Lililofika likaitwa Royal Gift, yaani Zawadi ya Mfalme.

Kumbe bwana harusi hakuwa na haraka! Mwaka 1786 Washington alimwandikia rafiki yake kwa utani kuwa huenda punda huyo, akishazoea raha za jamhuri, atajirekebisha na kushika biashara.

Alijirekebisha. Washington alipofariki mwaka 1799, shamba hilo, lililolimwa na watumwa, lilikuwa na nyumbu zaidi ya 50. Wahenga walisema punda haendi bila kigongo. Kwa dume la mbegu, ongeza subira.