Bakuli la Nzige: Ufa Usiofichwa

Kutengeneza chombo kilichovunjika si lazima kuwe kuficha kovu lake. Ushahidi ni bakuli la chai la rangi ya kijani liitwalo Bakohan, lililohifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa ya Tokyo. Lilifinyangwa Longquan, nchini China, katika karne ya 13. Vyombo vya Longquan vilifika pia pwani ya Waswahili. Vigae vyake vimefukuliwa Gedi na Kilwa.

Masimulizi yaliyoandikwa mwaka 1727 yaeleza kwamba bakuli hilo lilipopata ufa, mtawala Ashikaga Yoshimasa (1436-1490) alilipeleka China, akiomba jingine la mfano wake. Halikupatikana. Likarudishwa likiwa limebanwa kwa pini za chuma. Katika ufundi huo, vitundu visivyopenya hutobolewa pande mbili za ufa, kisha pini hukazwa humo. Wajapani waliona pini hizo zafanana na nzige. Ndipo jina likazaliwa.

Hivyo kovu likawa jina, nalo bakuli likazidi kuthaminiwa. Methali ya Kiswahili yahimiza ufa uzibwe, haikusema ufichwe. Mhifadhi ang'oaye pini za kale ili chombo kionekane kipya huwa amefuta sehemu ya historia yake.