Jenereta Isilale Chumbani mwa Walinzi

Katika vituo vya polisi na kambi ndogo zisizofikiwa na umeme, mara nyingi tumeiona jenereta ya petroli ikiingizwa ndani usiku, kwa kuhofia mvua au wezi. Askari hudhani dirisha lililo wazi latosha. Halitoshi.

Moshi wa injini ile una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huishika damu kwa nguvu ipitayo ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Kichwa huuma, miguu hulegea, kichefuchefu huja. Aliyelala huenda asiamke kamwe. Mwenye dalili hizo atolewe nje upesi, naye amwokoaye asikawie humo.

Basi mashine na ikae nje, mita 6 au zaidi kutoka jengoni, chini ya kibanda cha mabati kisicho na kuta, moshi ukielekezwa mbali na milango. Mnyororo na kufuli vitamzuia mwizi. Ama petroli, isiongezwe injini ikingali ya moto: izimwe, ingojewe ipoe. Twajua wakuu wa zamu hawalipendi giza hilo. Tochi iwe tayari, wala pasiwe na mtu wa kuleta kibatari.