Mtoto Mbele ya Meza ya Bwana

Waanglikana wa Marekani huitwa Waepiskopali, yaani watu wa Kanisa lenye maaskofu. Zamani, katika mitaa yao mingi, Jumapili nyingi walisali Sala ya Asubuhi tu. Ushirika Mtakatifu ulikuwa mara moja kwa mwezi. Kitabu cha Sala cha mwaka 1979 kiliufanya kuwa ibada kuu ya kila Jumapili, tena kikafundisha kwamba abatizwaye ameingia Kanisani kamili. Basi mtoto, ambaye zamani alingoja kuwekewa mikono na askofu, sasa aweza kupokea akiwa amepakatwa na mamaye. Wako walionung'unika kwamba hafahamu alacho. Lakini ni mtu mzima gani afahamuye yote? Kipaimara hakikuondolewa: ni kwa wapendao kukiri imani kwa vinywa vyao wenyewe.